Kumpa Adui Jina

Katika makazi mengi ya askari kuna desturi moja ambayo wake na watoto huijua vema kuliko hata amri za gwaride. Baba akirudi kutoka doria haingii sebuleni na buti zake. Huzivua kizingitini, huzigonga moja kwa nyingine ili tope lidondoke, na mama huzichukua kwa vidole viwili na kuziweka nje, karibu na ndoo ya maji. Mtoto akiuliza kwa nini buti zisiingie ndani, jibu huwa fupi: "Zimetembea kwingi." Hakuna ajuaye hasa zimekanyaga nini. Lakini kila mtu katika nyumba ile anafahamu kwamba uchafu ulioshikamana na soli si lazima uonekane kwa macho ndipo udhuru.

Desturi hiyo ndogo ya kizingitini ndiyo ambayo watu wenye elimu kubwa walilazimika kujifunza upya mwanzoni mwa karne hii, tena kwa gharama nzito, katika mapango ya Marekani. Habari yenyewe ni ya kuvu, yaani ukungu wa jamaa ya ule unaoota juu ya mkate uliolala au juu ya kiatu kilichosahauliwa kabatini wakati wa masika. Kuvu hii iliua popo kwa mamilioni. Hata hivyo, jambo linalostahili kuangaliwa zaidi si vifo vyenyewe, bali ni kazi iliyofuata: kazi ya polepole, isiyo na kelele, ya kumtazama adui, kueleza sura yake na kumpa jina. Maana adui asiye na jina hawezi kuwekewa ulinzi.

Tarehe 16 Februari 2006, mtu mmoja aliyekuwa akitembelea pango la Howes, kiasi cha kilomita 50 magharibi ya mji wa Albany katika jimbo la New York, alipiga picha ya popo waliokuwa wamelala. Katika picha ile pua za popo zilionekana nyeupe, kana kwamba zimepakwa unga. Huo ndio ushahidi wa kwanza unaojulikana wa ugonjwa huo katika bara la Amerika. Lakini picha si maelezo. Macho yaliona weupe, na hapakuwa bado na mtu wa kusema weupe ule ni kitu gani.

Majira ya baridi yaliyofuata, mwanzoni mwa 2007, mambo ya ajabu yalianza kuonekana katika sehemu zile. Popo, ambao ni wanyama wa usiku, waliruka mchana kweupe juu ya theluji, wakati ambapo hapakuwa na mdudu hata mmoja wa kuliwa. Wengine walianguka wakafa nje ya milango ya mapango. Maofisa wa hifadhi ya wanyama walipoingia ndani walikuta maelfu ya mizoga imetapakaa chini, na walio hai wakining'inia wamekonda, pua, masikio na mabawa yao yakiwa na ukungu mweupe.

Ili kulielewa jambo hili, mtu wa nchi za joto hana budi kwanza kuyafahamu maisha ya popo wa nchi za baridi. Huko, wadudu hutoweka kwa miezi mingi ya mwaka. Popo anayeishi kwa kula wadudu hana ghala wala soko. Ghala lake ni mafuta aliyoyaweka mwilini wakati wa majira ya joto. Baridi ikiingia, hujificha pangoni akalala usingizi mzito wa miezi kadhaa. Moyo wake hupunguza mapigo, pumzi huwa za kuhesabika, na mwili hupoa hadi kukaribia ubaridi wa pango lenyewe. Huamka mara moja moja tu, kwa kawaida baada ya kila majuma mawili hivi, kisha hulala tena. Kila mwamko humgharimu sehemu ya mafuta yake. Ni kama familia iliyopewa gunia moja la unga la kuwafikisha mwisho wa kiangazi: hesabu hutosha, lakini haina nafasi ya mgeni.

Kuvu ilikuwa mgeni huyo. Ilipenya katika ngozi ya mabawa, ikamsumbua popo katika usingizi wake na kumwamsha mara nyingi kupita kiasi. Ngozi ya bawa la popo si ya kurukia tu. Husaidia pia kulinda maji ya mwili. Ikiharibika, maji hupotea na mwili huingia katika fadhaa. Hivyo popo aliamka, akachoma mafuta, akalala, akaamka tena. Gunia la unga likaisha kabla ya mvua kunyesha. Wale walioonekana wakiruka mchana juu ya theluji walikuwa wametoka nje kwa njaa na kiu, wakatafuta kisichokuwapo.

Leo maelezo haya yanasomeka kwa wepesi. Wakati ule hapakuwa na aliyeyajua. Palikuwa na dhana nyingi: huenda ni sumu ya mashambani, huenda ni kirusi, huenda ni upungufu wa chakula. Juu ya ukungu ule mweupe wataalamu wengi walikuwa na shaka. Walisema kwamba kuvu ya ngozi ni kero kwa mnyama anyonyeshaye, lakini kumuua mnyama mwenye afya ni jambo la nadra. Kwa hiyo ilielekea kwamba popo walikuwa wakiumwa na kitu kingine, na kuvu imejiotea tu juu ya mwili uliokwisha dhoofu. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu aliyekonda kwa homa naye huota ukungu wa mdomoni, na hakuna tabibu mwenye akili atakayesema kuwa ukungu ule ndio ulioleta homa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi inayofanana sana na kazi ya polisi. Askari wa upelelezi akifika penye tukio hakimbilii kumkamata mtu wa kwanza anayemwona. Hukusanya vielelezo, huandika maelezo, hutafuta alama. Vivyo hivyo, katika kituo cha taifa cha afya ya wanyamapori kilichoko Madison, katika jimbo la Wisconsin, David Blehert na wenzake walichukua ngozi za popo waliokufa wakazichunguza kwa hadubini. Waliona kuvu imezama ndani ya ngozi ya mabawa, haikukaa juu tu. Waliona pia vijimbegu vyake, yaani zile chembe ndogo ambazo kuvu huzitawanya ili kuzaliana. Vilikuwa vimepinda upande mmoja, mfano wa mwezi mwandamo. Umbo lile halikulingana na kuvu yoyote ya jamaa yake iliyokuwa ikijulikana.

Alama ya pili ilikuwa ya joto na baridi. Vijidudu vingi vinavyodhuru wanyama hukuzwa maabara katika joto kama la mwili. Kuvu hii ilipandwa katika baridi kama ya jokofu, ikaota. Ilidhihirika kwamba hustawi zaidi baina ya nyuzi 12 na 16, na ikifikia nyuzi 20 hivi hukoma kukua. Basi hapo fumbo moja lilifumbuliwa. Kuvu ya namna hiyo haiwezi kumshinda popo aliye macho, ambaye mwili wake una joto kali. Humngoja alale na kupoa, na kinga ya mwili wake ilale pia. Haimshambulii mlinzi aliye zamu, humwendea aliyesinzia.

Mwaka 2009, katika jarida la kitaalamu liitwalo Mycotaxon, Andrea Gargas pamoja na wenzake wanne, Blehert akiwamo, walitangaza kwamba hii ni spishi mpya. Wakaipa jina Geomyces destructans. Neno la kwanza lilikuwa la ukoo wa kuvu za ardhini ambamo waliiweka. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "yenye kuangamiza". Mwaka 2013, uchunguzi wa chembe za urithi ulipoonyesha kuwa ukoo wake wa kweli ni mwingine, wataalamu wawili, Andrew Minnis na Daniel Lindner, waliihamishia huko. Tangu hapo huitwa Pseudogymnoascus destructans. Ukoo ulibadilika, lakini lile neno la pili, la kuangamiza, lilibaki.

Watu wengi hudhani kwamba kuipa spishi jina ni jambo la kuketi mezani na kuchagua neno zuri. La hasha. Zipo sheria za mataifa yote zinazotawala jambo hilo. Mwenye kutangaza spishi mpya sharti aeleze umbo lake kwa vipimo: upana, urefu, rangi, namna ya kuota. Sharti aonyeshe inavyotofautiana na kila jamaa yake wa karibu. Sharti aweke kielelezo kimoja katika hazina ya kudumu, ili mtu yeyote atakayetia shaka baada ya miaka 50 au 100 aende akakitazame kwa macho yake. Na hadi mwisho wa 2011, mimea na kuvu zilipaswa kuwa na maelezo ya Kilatini pia, ili msomaji wa Japani na wa Brazili wasome neno moja. Kwa ufupi, ni hati ya mtuhumiwa iliyokamilika: sura, alama za mwilini, na kidhibiti kilichofungiwa kabatini.

Yuko atakayeuliza: popo wanakufa, na wataalamu wanapima upana wa vijimbegu? Je, huo si uzembe wa wasomi? Jibu linapatikana kwa kutazama lililofuata baada ya jina kupatikana. Kabla ya hapo, mtu wa New York aliyeona weupe na mtu wa Vermont aliyeona weupe hawakuwa na hakika kama wanaona kitu kimoja. Baada ya maelezo kuchapishwa, maabara yoyote iliweza kuchukua ngozi ya popo, kuitazama na kusema "ndiyo" au "siyo". Ramani ikaweza kuchorwa. Mwaka 2011, katika jarida la Nature, ulitolewa uthibitisho uliokuwa ukingojewa: popo wazima waliwekewa kuvu hiyo maabara, bila ugonjwa mwingine wowote, wakapatwa na ugonjwa uleule, na waliowagusa wagonjwa nao wakaambukizwa. Shaka ikaisha. Kuvu haikuwa mpita njia aliyekutwa penye maiti. Ilikuwa ndiyo yenye kuua.

Jina lilifungua pia mlango wa swali lililouma zaidi: mgeni huyu alitoka wapi? Wataalamu wa Ulaya walipojua wanachokitafuta, walikipata katika mapango yao wenyewe. Popo wa Ufaransa, na baadaye wa nchi nyingine nyingi za Ulaya, walikutwa na kuvu hiyohiyo puani, lakini hawakufa kwa makundi. Baadaye ilionekana Asia vilevile. Ilielekea kwamba popo wa huko walikwisha kuishi nayo kwa vizazi vingi hadi wakazoeana. Mwaka 2012 popo wa Amerika waliowekewa kuvu ya Ulaya waliugua na kufa sawasawa na wale waliowekewa ya Amerika. Basi adui hakuzaliwa Amerika. Alivuka bahari.

Popo wadogo wale hawavuki bahari ya Atlantiki. Anayeivuka kila siku, na mizigo yake, ni binadamu. Ndiyo sababu wataalamu wengi wanaamini kwamba kuvu ililetwa na mtu, huenda katika tope la buti, katika kamba, au katika nguo zilizovaliwa pangoni Ulaya zikavaliwa tena pangoni Amerika bila kufuliwa sawasawa. Jina la mtu huyo halijulikani, wala si lazima lijulikane. Kwa hakika hakuwa mtu mbaya. Huenda aliyapenda mapango kuliko watu wengi. Lakini wahenga walikwisha sema: kikulacho ki nguoni mwako. Kilichoangamiza mapango kilibebwa nguoni na wapenzi wa mapango.

Mwezi Machi 2009 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia samaki na wanyamapori iliwaomba watu wasiingie kabisa katika mapango ya majimbo yaliyoathirika na ya jirani zake. Ikatolewa miongozo ambayo mama yeyote wa nyumbani angeifahamu bila mkalimani. Tope ling'olewe kwanza, maana dawa haipenyi tope. Nguo na kamba zitumbukizwe katika maji ya moto yasiyopungua nyuzi 55 kwa muda wa dakika 20. Vyombo vilivyotumika katika eneo lenye ugonjwa visipelekwe katika eneo lisilo na ugonjwa, hata kama vimesafishwa. Buti zibaki kizingitini. Kwa ajili ya kiumbe kisichoonekana kwa macho, mataifa tajiri yalirudi kwenye ndoo na maji ya moto.

Lakini ulinzi uliwekwa wakati adui amekwisha ingia ndani. Mwanzoni mwa 2012 idara hiyo ilikadiria kwamba popo baina ya milioni 5.7 na milioni 6.7 walikuwa wamekufa. Kanada ilikuwa imeingiliwa tangu 2010. Mwezi Machi 2016 popo mmoja mgonjwa aliokotwa na watembeaji katika jimbo la Washington, pwani ya magharibi, mahali palipokuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 2,000 na sehemu ya karibu iliyojulikana kuwa na ugonjwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba spishi 3 za popo zimepoteza zaidi ya asilimia 90 ya idadi yao katika maeneo yaliyochunguzwa, kwa muda usiofika miaka 10. Ikumbukwe kwamba popo si panya. Popo mdogo wa kahawia wa Amerika huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Kundi lililokufa kwa majira mawili ya baridi haliwezi kurudishwa kwa miaka michache.

Yamkini msomaji mwenye shughuli nyingi atasema kwamba popo ni popo. Wakifa, nani atakosa usingizi? Wako wengi wenye mawazo hayo, hasa wale ambao dari za nyumba zao zimepata kuvamiwa. Jibu la swali hilo lilitoka kwa mtaalamu wa uchumi. Mwaka 2024 Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha katika jarida la Science utafiti uliolinganisha wilaya za Marekani ambazo popo wake walipatwa na ugonjwa na zile ambazo hazijafikiwa. Popo mmoja kwa usiku mmoja huweza kula wadudu wenye uzito wa nusu ya mwili wake. Walipotoweka, wadudu waliongezeka mashambani, na wakulima wakafanya lile ambalo mkulima yeyote angelifanya: walinunua dawa. Matumizi ya dawa za kuua wadudu katika wilaya zilizopoteza popo yaliongezeka kwa kiasi cha asilimia 31. Na katika wilaya hizohizo vifo vya watoto wachanga, mbali na vile vya ajali na mauaji, viliongezeka kwa karibu asilimia 8. Kwa hesabu ya mtafiti huyo, hao ni watoto zaidi ya 1,300.

Hapo ndipo mnyororo mzima unapoonekana. Tope katika soli, kuvu katika tope, popo aliyelala, mdudu asiyeliwa, dawa shambani, mtoto katika uzazi. Pete za mnyororo huo hazikufungwa na mtu mwovu hata mmoja. Kila aliyehusika alikuwa akifanya kazi yake au akijifurahisha kwa njia ya halali. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na hapa mwiba ulikuwa mdogo kiasi cha kuhitaji hadubini, na mguu uliovimba ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

Kisa hiki kingeweza kufungwa hapo, lakini mwaka 2025 kiliongezewa sura mpya. Watafiti walioongozwa na Nicola Fischer na Sébastien Puechmaille walitoa katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa vielelezo zaidi ya 5,400 kutoka nchi 27, vilivyokusanywa kwa msaada wa mamia ya watu wa kujitolea. Walipolinganisha chembe za urithi waligundua kwamba kile kilichokuwa kikiitwa kwa jina moja ni spishi mbili zilizo tofauti, kila moja ikipendelea popo wa namna yake. Amerika Kaskazini imefikiwa na moja tu. Nasaba ya ile iliyovuka bahari iliwaelekeza katika eneo la Podillia huko Ukraine, penye mapango marefu sana, mojawapo likiwa na njia za zaidi ya kilomita 200. Baada ya kuanguka kwa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991, mapango yale yaliweza kutembelewa na wageni kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Inaelekea kwamba mgeni mmojawapo alirudi nyumbani na zaidi ya alichokwenda nacho.

Maana ya ugunduzi huo ni nzito. Kwa miaka 16 jina moja lilikuwa limewafunika maadui wawili. Bara ambalo limekwisha kuumizwa na wa kwanza bado laweza kuumizwa na wa pili, kama walinzi wake watasema, "Huyu tunamjua, amekwisha ingia, ya nini kufunga mlango?" Hii ndiyo hasara ya maelezo yasiyokamilika: mtu hulegeza ulinzi kwa sababu anadhani ameyaona yote. Kumpa adui jina si kazi ya siku moja. Jina ni mwanzo wa ulinzi, na kila kizazi hakina budi kurudi kwenye kabati la vielelezo na kutazama upya.

Kwa watu wa Afrika ya Mashariki, kuvu hii si tishio la leo au kesho. Imejulikana Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Inapenda baridi, na popo wa nchi zenye joto hawalali usingizi wa miezi uwapozao miili hadi kufanana na jiwe la pango. Lakini mapango tunayo, na popo tunao, na somo la kizingitini linatuhusu. Katika mapango ya Mlima Elgon upande wa Kenya, na katika machimbo na mapango ya magharibi ya Uganda, wamekutwa watu waliopata ugonjwa wa Marburg baada ya kuingia penye popo wengi wa matunda. Huko hatari ilimfuata binadamu. Amerika hatari ilitoka kwa binadamu ikamwendea popo. Njia ni moja, huendwa na kurudiwa. Hekima haimo katika kuwachoma popo moto, wala katika kuwafukiza kwa chuki. Imo katika kujua kilichomo pangoni kabla ya kuingia, na kujua kilichomo katika soli kabla ya kutoka.

Habari ya mwisho kutoka mapango ya Amerika si ya huzuni tupu. Katika baadhi ya sehemu ambako vifo vilianza, popo wadogo wa kahawia waliosalia wameacha kupungua, na baadhi ya makundi yameonekana yakiingia katika majira ya baridi na mafuta mengi zaidi kuliko wale wa zamani. Ni wachache mno, na kurudi kwao kutachukua miaka mingi. Lakini wapo, na mapango yao sasa yana walinzi wanaojua wanamlinda nani dhidi ya nani. Elimu hiyo haikutoka kwa mtu aliyepiga kelele kuliko wenzake. Ilitoka kwa watu waliokaa kimya juu ya hadubini, wakapima umbo la kijimbegu kilichopinda, wakaandika walichokiona bila kuongeza wala kupunguza, wakaweka kielelezo kabatini ili watakaofuata waweze kuwasahihisha.

Kazi ya namna hiyo haina bendi wala mabango. Inafanana na kazi ya askari aliye lindo usiku, ambaye akifanya vema hakuna litakalotokea, na kwa kuwa hakuna lililotokea hakuna atakayemshukuru. Inafanana pia na kazi ya mama anayeziweka buti nje kila jioni. Hajui leo ameizuia hatari gani. Huenda hakuna. Lakini kesho yake, tope likisha kukauka, hulisugua kwa brashi, huzimwagia maji ya moto, huziegemeza ukutani ili zikauke, kisha huwaita watoto waje kula.